Kifafa, roho na ubongo: je, fahamu ni kazi ya mwili?

Mtu akianguka kifafa katika vijiji vinavyokizunguka kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, maelezo huwa tayari kabla yeye hajazinduka. Yupo atakayesema amerogwa. Yupo atakayesema ni pepo, aitwe mchungaji. Yupo atakayesema huo ni ugonjwa wa ubongo, apelekwe hospitali Mafinga. Dakika chache baadaye mgonjwa anafumbua macho, anaangaza huku na huku, anauliza kumetokea nini, na kila mmoja wa wale watatu anaondoka akiwa na hakika kuliko alivyokuja.

Kwa zile dakika, mtu yule alikuwa wapi? Moyo ulipiga, misuli ilikaza kupita kawaida, mwili wote ulikuwa kazini. Yeye mwenyewe hakuwapo. Wanafalsafa wamebishana kwa karne nyingi kama fahamu inaweza kuelezwa yote kuwa kazi ya mwili. Huku Nyanda za Juu Kusini ubishi huo unaamua jambo la leo: mtoto apewe kidonge, apelekwe kwa mganga, au aombewe tu. Mkanganyiko wenye gharama kiasi hicho unastahili kuchambuliwa kwa utulivu.

Maswali mawili yanayochanganywa

Chanzo kikubwa cha ubishi ni kwamba maswali mawili huulizwa kwa pumzi moja. La kwanza: nini kinaizima fahamu, nini kinairudisha, na nini kinaibadilisha? La pili: kwa nini ubongo unaofanya kazi uambatane na kuhisi chochote? Kwa nini jino lililooza liume, badala ya kutuma taarifa tu kimyakimya kwamba limeoza?

Mwanafalsafa David Chalmers, katika makala yake ya mwaka 1995, aliliita hilo la pili tatizo gumu la fahamu, akalitenga na mengine ambayo sayansi inaweza kuyamaliza kwa kazi ya kawaida ya maabara. Utengano huo ni wa manufaa makubwa kwetu. Anayesema “sayansi imeshaeleza kila kitu” huwa na jibu la swali la kwanza mkononi, akadhani amejibu la pili. Anayesema “sayansi haijui lolote kuhusu roho” huliangalia la pili, akasahau kwamba la kwanza limejibiwa kwa sehemu kubwa, tena kwa ushahidi uliotoka katika wilaya zetu.

Ushahidi wa nguruwe na usubi

Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe ni mikoa ya wafugaji wa nguruwe, na mahali ambapo nguruwe huachwa wazurure na vyoo ni vibovu, minyoo aina ya tegu hustawi. Tafiti zilizofanywa Mbozi na Mbeya Vijijini zimeonyesha wazi kuwa tatizo lipo. Mzunguko wake unafaa kueleweka vizuri kwa sababu wengi huukosea. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai ya mnyoo huota ndani ya nyama yake na kuwa vilengelenge vyeupe. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva hupata mnyoo wa tumboni. Lakini mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono isiyonawiwa, maji machafu au mboga mbichi zilizochafuliwa na kinyesi cha binadamu, vilengelenge huota ndani ya mwili wake yeye, hata ubongoni. Kwa hiyo asiyewahi kuonja nyama ya nguruwe naye anaweza kuugua, kwa sababu tu jirani yake ana tegu na hana choo.

Kilengelenge kinaweza kukaa ubongoni kwa miaka bila dalili. Kinapoanza kufa, kinga ya mwili hukishambulia, panavimba, seli za jirani zinachokozeka, na kifafa kinaanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye tegu wa nguruwe, takribani asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii.

Ng'ambo ya bonde la Kilombero kuna ushahidi mwingine. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alikuta Mahenge, miongoni mwa Wapogoro, wagonjwa wa kifafa wengi kupita kiasi, akaanzisha kliniki yao mwaka 1960. Waliogopwa. Watu waliamini mate ya mgonjwa yanaambukiza, na mtu akiangukia motoni waliweza kusita kumtoa. Aliwapa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo, na wengi wao mashambulizi yakapungua au yakakoma. Aliandika pia kuhusu watoto ambao kichwa chao husinzia mara kwa mara, wenyeji wakisema “amesinzia kichwa”. Miongo kadhaa baadaye hali ya namna hiyo ilivuma kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Maeneo yote haya yamekuwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa mito iendayo kasi. Uhusiano wa usubi na kifafa hiki una ushahidi wa kutosha. Jinsi hasa unavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa.

Hapa upande unaosema fahamu ni kazi ya mwili una karata yake kubwa kuliko zote. Kilengelenge kidogo kinaweza kumwondoa mtu katika fahamu yake, na kidonge kinaweza kumzuia asiondoke. Tena kifafa kinafundisha jambo ambalo usingizi na kuzirai havifundishi. Wakati wa degedege ubongo haujazimika. Unafanya kazi kupita kiasi: seli nyingi mno zinatoa umeme kwa pamoja, na hapo ndipo fahamu inapotoweka. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na karibu bilioni 69 kati ya hizo ziko katika ubongo mdogo wa kisogoni. Hata hivyo ubongo mdogo ukiharibika, mtu hupepesuka na kukosa shabaha ya mikono lakini fahamu yake hubaki. Wingi wa seli hautoshi, wala wingi wa umeme. Kinacholeta fahamu, ikiwa mwili ndio unaoileta, ni namna sehemu fulani za ubongo zinavyopangana na kupokezana habari.

Upande wa roho

Itakuwa dharau kuwaona wanaotaja roho kuwa ni watu wasiosoma. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alituomba tumfikirie mtu aliyeumbwa akiwa mzima, anaelea hewani, haoni, hasikii, hata viungo vyake havigusani. Mtu huyo, alisema, bado atajua kwamba yupo; basi kinachojua si kiungo cha mwili. Mwanafalsafa Descartes alifuata njia yake mwenyewe huko Ulaya mwaka 1641, akatenganisha kitu kinachofikiri na kitu chenye urefu na upana.

Mtetezi wa kushangaza zaidi alitoka ndani ya chumba cha upasuaji. Wilder Penfield, bingwa wa upasuaji wa kifafa mjini Montreal, aliwafungua fuvu wagonjwa waliokuwa macho na kugusa ubongo wao kwa ncha yenye umeme, ili ajue sehemu ya kukata na ya kuacha. Mkono ulinyanyuka, muziki ulisikika, kumbukumbu za zamani zilirudi. Lakini mkono uliponyanyuka, mgonjwa alisema si yeye aliyeunyanyua, ni daktari. Penfield hakupata mahali ambapo akigusa, mgonjwa ataamua au ataamini jambo. Katika kitabu chake cha mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliegemea wazo kwamba akili ni kitu cha pekee kisichokwisha kuelezwa kwa ubongo. Huyu alikuwa ameugusa ubongo kwa mikono yake kuliko karibu kila mtu wa zama zake.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaanzia kwenye jambo tunalolijua bila mpatanishi: kwamba tunahisi. Unalinda pia imani ya wengi kuwa mtu hamaliziki kaburini. Udhaifu wake ulionwa mapema. Mwaka 1643 Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia Descartes akimuuliza, kitu kisicho na mwili kinausukumaje mwili? Majibu ya Descartes hayakumridhisha, na tangu hapo hakuna aliyetoa jibu la kuridhisha.

Watetezi wa roho huwa na hoja nzuri ya kujikinga: redio ikiharibika, matangazo hukatika, lakini mtangazaji yuko salama studioni. Ubongo kwao ni redio. Hoja hii ina uzito pale fahamu inapozimika tu. Inakwama pale ubongo ulioumia unapobadilisha habari yenyewe. Redio mbovu inakoroma. Haimfanyi mtangazaji abadili maoni yake. Majeraha ya ubongo hufanya hivyo hasa: mtu mpole hugeuka mkali, mwingine anasisitiza kwamba mama yake ni mgeni aliyefanana naye, mwingine anakana kuwa upande mmoja wa mwili wake umepooza. Hata pengo alilolitegemea Penfield limeanza kujazwa. Mwaka 2009 Michel Desmurget na wenzake nchini Ufaransa waliamsha kwa umeme sehemu fulani ya ubongo, na wagonjwa wakasema wanataka kusogeza mkono. Walipewa utashi wenyewe, kile ambacho Penfield aliamini hakiwezekani.

Kwa wasomaji waumini wa Iringa, ambako Wakatoliki na Walutheri wana mizizi mirefu, ni haki kuongeza kwamba si mafundisho yote ya roho yanayoifanya kuwa abiria ndani ya mwili. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kuwa nafsi ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili ulio hai, na kwamba katika maisha haya haifikiri bila msaada wa picha zinazotoka katika viungo. Anayeamini hivyo hana sababu ya kukiogopa kidonge cha kifafa.

Upande wa ubongo

Wanaosema fahamu ni kazi ya mwili hawana nadharia moja. Bernard Baars, tangu mwaka 1988, na Stanislas Dehaene baada yake, wanaeleza kuwa habari huwa fahamu inaposambazwa ubongo mzima, ili kumbukumbu, lugha na maamuzi viitumie kwa pamoja. Giulio Tononi, tangu mwaka 2004, anadai fahamu ni kiasi cha habari ambacho mfumo unakiunganisha kuwa kitu kimoja. Nadharia hizi zilishindanishwa kwa makubaliano ya pande zote, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature, kutoka kwa washiriki 256, yalizipunguza zote mbili: hakuna iliyotoka bila jeraha. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 chembe za ubongo zinazoleta fahamu zingekuwa zimejulikana. Juni 2023, mjini New York, Koch alikubali kushindwa na kumkabidhi Chalmers mvinyo.

Wapo wanaofurahia habari hiyo wakidhani dau lile lilithibitisha roho. Halikuthibitisha. Lilionyesha kuwa kazi ni ngumu kuliko Koch alivyotumaini. Wakati huohuo kazi hiyohiyo imeleta faida ambazo msimamo mwingine wowote haujaleta. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke aliyekuwa hajitambui kwa miezi afikirie anacheza tenisi. Picha za ubongo wake zilifanana na za mtu mwenye afya anayefikiria hivyo. Mwaka 2024 utafiti mkubwa ulikuta kuwa kati ya wagonjwa 241 wasioonyesha ishara yoyote ya kutii maagizo, 60 ubongo wao uliyatii. Robo nzima walikuwamo ndani, wakisikia, huku waliowazunguka wakidhani hawapo. Muuguzi au ndugu anayekaa kando ya kitanda hospitalini Mbeya au Tosamaganga anapaswa kulijua hilo kabla hajasema neno la kukata tamaa juu ya kichwa cha mgonjwa.

Udhaifu wa upande huu uko palepale alipouweka Chalmers. Tuelezwe kila seli, kila umeme, kila kemikali. Bado tutauliza kwa nini yote hayo yanauma au yanafurahisha. Mwanafalsafa Daniel Dennett, aliyefariki mwaka 2024, alijibu kuwa swali lenyewe linatokana na kujidanganya, na sehemu zote zikielezwa hakuna kinachobaki. Jibu hilo naliona limekwepa. Mtu aliyeungua mkono baada ya kuangukia jikoni hawezi kuambiwa kuwa maumivu yake ni kosa la hoja.

Njia ya tatu, na sauti za Afrika

Bara letu halikuwa msikilizaji tu katika mjadala huu. Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alitetea tasnifu Ujerumani mwaka 1734 akidai kuwa kuhisi ni kazi ya mwili, si ya akili. Alimshika Descartes mahali pabaya kwa kutumia misingi ya Descartes mwenyewe. Kwame Nkrumah, katika kitabu chake Consciencism cha mwaka 1964, alishika kwamba maada ndiyo ya kwanza, lakini inaweza kuzaa jambo la daraja jingine, akili ikiwa mojawapo. Kwasi Wiredu alichambua fikra za Waakan wa Ghana na kusema kuwa kwao akili si kitu chenye kukaa mahali fulani. Ni uwezo, kama ulivyo uwezo wa kuona. Kwame Gyekye, Mghana mwenzake, alimpinga na kusema Waakan hao hao wanaamini sehemu ya mtu isiyo ya maada.

Kwangu Wiredu ndiye anayesaidia zaidi. Tukiacha kuitafuta fahamu kama kitu, maswali ya “imekwenda wapi” na “imerudi kutoka wapi” yanapungua ukali, kwa kuwa uwezo wa kuona hauendi mahali popote macho yanapofungwa. Lakini hata yeye hatuambii kwa nini uwezo huu unahisika.

Mahali ambapo ubongo peke yake hautoshi

Kuna hatari moja upande wa sayansi, nayo huonekana hospitalini: kudhani kwamba kueleza kimwili maana yake ni kueleza kwa seli tu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Wasichana 95 kati ya 159 walipatwa, shule ikafungwa mwezi Machi, na hali ikaenea vijijini. Madaktari hawakupata sumu wala maambukizi. Mpaka leo shule nyingi za bweni nchini hupata vipindi vya wasichana kuanguka, na mara hudaiwa majini, mara kifafa.

Kila mwili ulioanguka ulikuwa na ubongo unaofanya kazi, kwa hiyo maelezo ya kimwili yapo. Ila chanzo hakiko katika seli moja iliyochokozeka. Kiko katika hofu, shinikizo, na jinsi vijana wanavyotazamana. Fenobabitoni haitasaidia hapo. Anayempa binti huyo dawa ya kifafa amekosea, kama anavyokosea anayemfukiza mwenye vilengelenge ubongoni. Kwa sababu hiyo hiyo naheshimu kazi ya faraja inayofanywa na wazee, mapadri na mashehe katika matatizo ya namna hii: inagusa chanzo halisi, hata pale maelezo yao kuhusu chanzo hicho hayasimami.

Zile nadharia za Tononi, Baars na Dehaene zinaamua pia swali la mashine. Sasa kuna programu za akili mnemba zinazojibu kwa Kiswahili fasaha, na watu wameanza kuuliza kama zinahisi. Tononi anajibu hapana kwa kompyuta za leo, hata zikiongea vipi, kwa sababu ya namna vipande vyake vilivyounganishwa. Nadharia ya Baars na Dehaene inaacha mlango wazi. Ufasaha wa maneno peke yake hauthibitishi chochote: mtu aliye katikati ya shambulio dogo la kifafa huweza kutembea au kutamka maneno, baadaye asijue alifanya hivyo.

Mizani

Nikiweka yote pamoja, nashika kwamba fahamu ni kazi ya mwili ulio hai, ubongo ukiwa kitovu chake, na jamii ikiwa sehemu ya kinachouchochea ubongo huo. Nashika hivyo kwa sababu kila tulipopata njia ya kupima, mabadiliko ya fahamu yameandamana na mabadiliko ya ubongo, hadi kwenye utashi ambao Penfield aliuweka kando. Sidai kwamba tatizo la Chalmers limekwisha, wala sioni dalili kwamba litakwisha karibuni. Huenda likahitaji dhana ambayo bado haijabuniwa na mtu yeyote. Anayeiamini roho hajakanushwa na chochote kilichoandikwa hapa, mradi asidai kwamba roho hiyo inafanya kazi za ubongo bila ubongo.

Ila siri iliyobaki haiko mahali ambapo mgonjwa wa kifafa anatibiwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mashambulizi wakipata dawa sahihi, na kwamba katika nchi maskini takribani robo tatu hawapati tiba wanayoihitaji. Pengo la tiba Mufindi au Mahenge halisababishwi na ugumu wa falsafa. Linasababishwa na umbali wa kliniki, dawa kuisha ghalani, aibu ya familia, na mara nyingine ushauri wa mtu wa imani kwamba aliyeombewa aache vidonge ili kuonyesha ameamini.

Kwa familia inayomuuguza mgonjwa wa kifafa: mwombeeni kadiri mnavyotaka, na aendelee na dawa. Jengeni choo, mfungieni nguruwe bandani, pikeni nyama iive. Na asiwepo mtu, awe mganga, mchungaji au jirani, wa kumwachisha vidonge kwa siku moja, kwa sababu fenobabitoni ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege la mfululizo lisilokoma, na degedege hilo huua.